Mtoto akisema robo ni kubwa kuliko nusu: la kufanya nyumbani

Swali, kutoka kwa mama wa Langoni, Lamu:

"Assalaam alaykum. Mwanangu yuko gredi ya pili. Wiki jana alirudi na daftari lake, swali linauliza kipi kikubwa kati ya 1/2 na 1/4, naye amejibu 1/4. Nilipomuuliza kwa nini, akasema nne ni kubwa kuliko mbili. Lakini jioni hiyo hiyo nilipokata mkate wa sinia aliililia nusu, robo hakuitaka hata kuiona. Mbona anajua na hajui? Nimfundishe vipi bila kumchanganya na ya mwalimu? Nina na mdogo wake wa miaka mitano, naye huwa hapo hapo anasikiliza."

Jibu:

Waalaykum salaam, dada. Mwanao anajua. Asilolijua bado ni kwamba ile 1/4 ya daftarini na ile robo ya mkate ni kitu kimoja. Tangu aingie shule amefundishwa kwamba 4 inaipita 2, na kila alipojibu hivyo alipata vema. Leo kawekewa namba zile zile chini ya mstari, na bado hajaona kwa macho yake kwamba namba ya chini inataja kitu kimoja kimegawanywa mafungu mangapi. Jibu lake lina akili ndani yake, kwa hiyo usimkemee. Wala usimkaririshe "nusu kubwa, robo ndogo". Atalishika jibu hilo moja tu, na siku akipewa 1/3 na 1/8 atarudi palepale.

Kazi ya shule aifanye kama kawaida. Ila nyumbani, kwa wiki mbili hivi, usimwandikie 1/2 wala 1/4. Tumieni mikono na mdomo kwanza, maandishi yaje mwisho. Dakika kumi hadi kumi na tano kwa siku zatosha. Zikizidi mtoto huchoka akaanza kubahatisha.

Kabla ya kuanza, jua amekwama wapi. Mchoree mstatili uliogawanywa vipande vinne visivyotoshana, umuulize kama kimoja wapo ni robo. Akisema ndiyo kwa kuwa "viko vinne", basi anahesabu vipande na haangalii ukubwa. Mwekee tende 12, mwambie akupe robo yake. Akikupa nne, amejua robo ina jambo na nne lakini hajui jambo gani. Kosa hili ni la kawaida mno. Kisha muulize: je, robo ya mkate wa sinia yaweza kuwa kubwa kuliko nusu ya mkate wa mofa, ule mdogo? Akikataa katakata, hajaona kwamba nusu na robo hutegemea kitu kizima kilichogawanywa. Usimsahihishe papo hapo. Yaweke moyoni majibu yake, maana utamuuliza tena maswali haya haya baadaye.

Anza na karatasi, si chakula. Mkate ukishaliwa kile kizima kimetoweka, hakuna tena cha kulinganisha. Na mtoto mwenye njaa anatafuta kipande kikubwa, hatafuti vipande vilivyo sawa.

Chukua karatasi ya A4. Urefu wake ni sentimita 29.7; pima 24, iliyobaki ikate uitupe. Upana wake ni sentimita 21, kwa hiyo ukikata tepe za upana wa sentimita 3 utapata saba. Nimechagua 24 kwa sababu inagawika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubakisha kitu: nusu ni sentimita 12, thuluthi (moja katika tatu) 8, robo 6, sudusi (moja katika sita) 4, na thumni, yaani sehemu moja katika nane, ni sentimita 3. Tepe zote ziwe rangi moja. Ukitia kila sehemu rangi yake, mtoto atakariri kwamba nyekundu ndiyo robo, na siku ya kukosa nyekundu atapotea. Usiandike kitu juu yake.

Utepe wa kwanza uache mzima, ukae mezani siku zote. Wa pili akunje ncha kwa ncha, abane mkunjo kwa ukucha, aufungue na kukata. Wa tatu akunje mara mbili. Kabla hajaufungua, muulize vitatoka vipande vingapi. Wa nne akunje mara tatu, umuulize tena. Watoto wengi hapa husema sita, kwa kuwa wameona mbili, kisha nne, wakangojea sita. Mwache aufungue mwenyewe ahesabu nane. Halafu muulize ule mkunjo wa tatu ulifanya nini. Ulikata kila robo katikati, na robo zilikuwa nne. Kaa hapa hata siku mbili, mkirudia, kwa sababu mtoto akishaona kwamba kila mkunjo unaongeza idadi na papo hapo unapunguza ukubwa, mlango umefunguka.

Karatasi huteleza. Mkunjo ukienda kombo kwa nusu sentimita, vipande havitatoshana. Usimfichie jambo hili. Mfundishe kuvilaza vipande kimoja juu ya kingine kila anapokata, ncha zikutane. Zisipokutana, hizo si robo. Utepe huo utupwe, ukatwe mwingine. Na akitaka kukata bila kukunja, mruhusu. Atataka vipande vinne, atakata mara nne, atapata vitano. Kupata vinne kunataka mkato mara tatu. Hapo msimwambie, ahesabu.

Sasa mpe kisa kifupi huku vipande viko mbele yake: "Utepe huu waligawana watu wawili. Huu, watu wanne. Nani kapata kikubwa? Na wakija wanane je?" Akijibu sawa, muulize kwa nini. Jibu unalolisubiri ni lake mwenyewe, kwa maneno yake: kwa sababu wako wengi, kila mmoja anapata kidogo. Akikuambia hivyo bila kusaidiwa, kile kilichomkwamisha kwenye 1/4 kimeanza kuondoka. Akikuambia "kwa sababu robo ni ndogo", hajakujibu, anarudia alichosikia.

Katika mazungumzo yenu, robo ikitajwa, iambatane na "sehemu moja katika nne zilizo sawa". Ni refu, lakini lina kila kitu: moja, nne, na usawa. "Moja juu ya nne" iache ingoje. Na kila akisema nusu au robo, muulize: "ya nini?" Iwe desturi ya nyumba. Robo ya kilo ya sukari ni gramu 250. Robo ya mkate haina gramu hizo. Na dukani tunanunua "nusu mkate" wa gramu 200 uliookwa peke yake, mtoto akauona mzima kabisa. Uweke kando ya ule wa gramu 400, aone ni nusu ya nini.

Usawa unastahili siku zake. Vitabu vingi vya watoto huwapa michoro iliyokwisha kugawanywa sawasawa, wao wakatia rangi tu. Mtoto hujifunza kuhesabu vyumba na kupata vema bila kutazama ukubwa. Mchoree wewe mstatili, ukate katikati, kisha nusu moja ikate tena katikati. Kuna vipande vitatu. Muulize kama kile kikubwa ni thuluthi. Wengi husema ndiyo. Hapo toa mkasi, vikatwe, vilazwe juu ya vingine. Kile kikubwa kitawafunika wenzake wawili kwa pamoja. Ni nusu, na wale wawili ni robo.

Upande wa pili wa jambo hili ni vipande vyenye sura tofauti ambavyo hata hivyo ni sawa. Kata karatasi ya mstatili mfano wa leso, sentimita 15 kwa 11. Mwambie aikunje kutoka pembe hadi pembe iliyo mkabala. Kingo hazitakutana, na atakuambia haraka kwamba hizo si nusu. Ifungue, chora mstari wa pembe kwa pembe, kata. Pembetatu moja izungushe, uilaze juu ya mwenzake: zimelingana kabisa. Kisha kata karatasi nyingine ya ukubwa ule ule kwa mkato wa katikati ulionyooka. Sasa ana nusu mbili za karatasi za ukubwa mmoja, zisizofanana sura. Muulize ipi kubwa. Akisita ni vizuri. Ikate ile pembetatu vipande, avipange juu ya ule mstatili mpaka aujaze. Hapa ndipo mtoto anapoelewa kwamba sawa maana yake ni kiasi kile kile.

Karatasi ikishatulia, leteni chakula. Chapati ni nzuri kuliko vyote kwa kuwa inakunjika kama utepe: mkunjo mmoja nusu, wa pili robo, wa tatu thumni. Mkate wa sinia na mkate wa mayai ni duara ngumu, hivyo kisu lazima kipite katikati kabisa, na watoto hukosea hapo. Hukata pembeni mwa kati wakapata vipande vinne, viwili vinono viwili vyembamba. Weka alama ya kati kwa ncha ya kisu kwanza. Na usimtake mtoto agawe duara kwa watatu mapema. Atapiga mikato miwili iliyonyooka sambamba, na hata akiilinganisha upana vizuri, kipande cha kati kitachukua karibu asilimia 42 ya mkate wote huku vya pembeni vikibaki na 29 kila kimoja. Thuluthi ya duara hukatwa kwa mistari mitatu inayotoka katikati. Thuluthi aanze nayo kwenye utepe: sentimita 8, 16, 24.

Ugomvi wa nani kapata kikubwa una dawa ya zamani, nayo inafundisha hisabati kuliko maelezo mengi: mmoja akate, mwingine achague kwanza. Mkataji ataangalia usawa kwa macho mawili.

Kisha mpe chapati tatu agawe kwa watu wanne. Kaa kimya. Kwa kawaida mtoto hukata chapati mbili nusu nusu, kila mtu akapata nusu, kisha ile ya tatu akaikata robo nne. Kila mmoja ana nusu na robo. Mwambie azilaze robo juu ya nusu: nusu imemeza robo mbili, na moja ya pembeni, jumla robo tatu. Bila kujua, amejumlisha sehemu. Mtoto aliyepita hapa hataandika kirahisi kwamba 1/2 + 1/4 ni 2/6, kosa ambalo huwasumbua wanafunzi hata wakubwa.

Robo ya vitu vingi ni somo lingine, na ndilo lililomfanya akupe tende nne. Weka visahani vinne. Agawe zile tende 12 moja moja, akizunguka mpaka ziishe. Robo ni zilizo kwenye kisahani kimoja: tatu. Kisha visahani vitatu, thuluthi ni nne. Visahani viwili, nusu ni sita. Halafu badilisha idadi: tende 8, tende 20. Ukitumia tende nne peke yake, robo itakuwa moja kila mara, naye ataamini robo ni "moja". Visahani ndivyo vinavyoshika ile nne. Tende ndizo zinazobadilika.

Vimiminika viwe na tahadhari. Chupa ya soda ina shingo, na nusu ya kimo chake si nusu ya maji yake. Tumia bilauri iliyonyooka kutoka chini hadi juu.

Sasa urefu, na hapa nyinyi wa pwani mna hazina mkononi. Shibiri ni kiganja kilichotandazwa, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Basi chukua kamba, upime pima moja ya mikono yako iliyonyooshwa, ukate. Ikunjeni mara moja: wari, nusu ya pima. Mara ya pili: dhiraa, robo. Mara ya tatu: shibiri, thumni. Ni hesabu ile ile ya utepe, ila sasa ni kitu anachoweza kukitembelea sakafuni. Linganisha ule mkunjo wa mwisho na shibiri yako mwenyewe. Hazitalingana barabara, kwani mwili si rula, lakini zitakaribiana. Kisha alinganishe na shibiri yake yeye. Yake itakuwa fupi, na swali la "ya nini?" linarudi: hii ni thumni ya pima ya mama. Kwenye vipimo vya nafaka ni vivyo hivyo, kibaba ni robo ya pishi na kisaga ni nusu ya pishi. Kama bibi yake anavyo vyombo hivyo, mwache mtoto ajaze mchele mwenyewe.

Ile kamba ina kazi moja zaidi. Ilaze sakafuni, uchore kwa chaki 0 mwanzo na 1 mwisho, atie alama kila mkunjo ulipokuwa. Nusu sasa ina mahali pake, kati ya 0 na 1, na robo iko kabla yake. Mtoto aliyezoea vipande vya mkate tu hudhani nusu ni kipande. Kwenye kamba anaona kwamba ni namba iliyo na mahali, kama 2 na 3 zilivyo na mahali pao. Usiiruke hatua hii, maana madarasa ya mbele yote yatasimama juu yake.

Kama anasoma chuo cha Qur'ani na msahafu wao ni wa chapa ya Madina, kuna mstari wa namba uliokwisha chorwa. Juzuu ina hizbu mbili, na hizbu moja ina robo nne. Pambizoni ataona alama zikifuatana: robo ya hizbu, nusu ya hizbu, robo tatu ya hizbu, kisha hizbu mpya. Muulize kwa nini alama ya pili haikuandikwa "robo mbili". Usiutumie kufundishia usawa wa kupima, kwa kuwa migawanyo husimama mwisho wa aya na kurasa hazilingani barabara. Kwa mpangilio wa robo, nusu na robo tatu, ni mzuri sana. Na nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi ndizo hisa sita atakazokutana nazo akisoma mirathi.

Baada ya hapo ndipo kalamu. Mwandikie mbele yake, kwa mpango huu: chora mstari kwanza, kisha namba ya chini, ukiuliza "tumekata sehemu ngapi zilizo sawa?", mwisho namba ya juu, "tumechukua ngapi?" Kuanzia chini kunamlazimisha awaze mgawanyo kabla ya kuchukua. Sasa mpe vipande vya tepe na kadi zenye 1/2, 1/4, 1/8, aviweke pamoja. Kisha mpe 3/4, ajenge kwa vipande. Ndipo umrudishie lile swali la daftarini. Akikwama, usimpe jibu; muulize waligawana wangapi.

Kuna hatari moja baada ya kufaulu. Mtoto akishagundua kwamba namba ya chini ikiwa kubwa kipande ni kidogo, hulitumia kila mahali, akasema 3/4 ni ndogo kuliko 1/2 kwa sababu nne iko chini. Kwa hiyo siku ile ile anapofaulu 1/2 na 1/4, mpe pia 3/4 na 1/2, akiwa na tepe mkononi. Namba zote mbili zina kazi, na aone hivyo mapema.

Kujua kama ameelewa, muulize kitu ambacho hamkukifanya: kipi kikubwa, 1/5 au 1/6? Hakuna utepe wake mezani. Akifikiri, akataja watu watano na watu sita, ameshika. Kisha rudia yale maswali matatu ya mwanzo. Lolote atakalokosa linakuonyesha pa kurudi: akikosa vipande visivyotoshana, rudi kwenye mkasi na kulaza; akikosa tende, kwenye visahani; akikosa mkate wa sinia na wa mofa, kwenye "ya nini?"

Huyu wa miaka mitano mwache akae hapo hapo, ila kazi yake iwe ndogo. Agawe tende kwa watu wawili, moja wewe moja yeye, mpaka ziishe, kisha aseme kama ni sawa au si sawa. Avunje chapati kwa wawili, mwingine achague. Ajue nusu kwa mkono. Wakati mwingine mpe idadi isiyogawika, tende saba, umwangalie anafanya nini na ile iliyobaki. Akiomba kisu aikate katikati, mpe mkono umsaidie.